Vidonge vya Mashavu

Mfanyabiashara mmoja Mwarabu, mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa maduka wa Asiatique, alikuwa anamwoza binti yake, na alitaka fahali mmoja tu, lakini awe wa kusimamisha watu njiani. Maneno hayo ni yake: wa kusimamisha watu njiani. Mimi nilikuwa nimepewa kisu changu miezi michache kabla, nikichinja chini ya mzee mmoja wa mtaa wetu wa Buyenzi ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwendaje sitasema, maana hiyo ni hadithi ya siku nzima.

Fahali alipatikana kwenye tambarare ya Imbo, upande wa Gatumba, na aliyekwenda kumleta ni mdogo wangu. Wengine huswaga ng'ombe kwa nyuma, na fimbo, na matusi. Yeye alitembea mbele, kamba begani, hageuki hata mara moja, na mnyama anamfuata kama mtu aliyealikwa. Kutembea ndiko kulikuwa elimu yake. Mimi nilisoma miaka miwili, yeye mitatu, na mpaka leo sijui ule mmoja wa ziada ulimwongezea nini, labda kuandika jina lake kwa mkato.

Basi walipoingia mjini watu walisimama kweli. Mgongo wa yule fahali ungeweka kikombe cha chai juu yake kisimwagike. Ngozi inang'aa. Wanawake wanatoka milangoni wanasema mashallah. Mwarabu mwenyewe alimpapasa shingo kama anapapasa kitambaa cha bei, akacheka.

Tulipompasua, ini lake lilikuwa jiwe. Sisemi kwa kuongeza chumvi. Gumu, lina vinundu, rangi ya tope, na kisu kinakwaruza kama kinapita mchangani. Mzee wangu aliliinua, akaliangalia, akasema, "Ngozi inazungumuza na watu. Ini linazungumuza na kisu." Mwarabu akauliza, "Nyama iko muzuri?" Mzee akajibu, "Nyama iko muzuri." "Basi hilo lifiche. Harusi ni leo."

Nikalifunga ndani ya majani ya mgomba, mdogo wangu akalichukua, akaenda kulizika kando ya mto Ntahangwa. Wageni walipouliza mbona maini hayaonekani kwenye sinia, nikawaambia wapishi wameyala. Watu wakacheka, wapishi wakatukanwa, harusi ikaendelea. Ule ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza juu ya ini. Nasema wa kwanza kwa sababu upo wa pili, na huo wa pili ndio ulioniketisha hapa kuandika.

Miaka ikapita, vita vikaja. Sitaeleza vita, wapo waliosoma wataeleza. Mdogo wangu alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali, kupeleka bahasha huku na huku. Sisi watu wa Buyenzi, baba asili yake Manyema, mama Murundi, hakuna aliyejua vizuri atuweke upande gani, kwa hiyo yeye aliweza kutembea mitaa ambayo wenzake wa ofisini wasingethubutu kuikanyaga. Hata siku za mji kufa, wakati vijana wamefunga barabara kwa mawe na maduka yote yamelala, yeye alikuwa anapita na bahasha yake ndani ya shati. Nilikuwa nikimwambia, "We, siku moja watakuua kwa sababu ya karatasi ya mutu mwingine." Ananijibu, "Kaka, mutu anayetembea taratibu hapigwi. Anayekimbia ndiye wanamufuata."

Hakupigwa na mtu. Kilichompata kilitoka ndani. Kwanza uchovu, kisha macho ya manjano, halafu akaanza kukonda. Alikonda mpaka shati lake la kazi likawa kama limetundikwa kwenye msumari.

Kukonda kwa wakati ule, ndugu zangu, kulikuwa na maana moja tu. Mtu akikonda, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanajua. Sida, ndiyo ukimwi. Hata hawalitaji jina lenyewe, wanasema "ule ugonjwa," au wananyoosha kidole kimoja juu, chembamba, basi imekwisha. Kinyozi alimwambia wembe wake hauna makali leo, aje kesho, na kesho yake hivyo hivyo. Na kwenye kibanda cha chai, pale kwenye kona ya barabara yetu ambapo tulikunywa chai kila asubuhi kabla ya kazi, yule mama wa chai alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja. Kila mdogo wangu alipokaa, kikombe kilichomjia ni kile cha uzi. Alikunywa. Nilimwona akiusukuma uzi kwa kidole gumba, huku na huku, kama mtu anayesoma tasbihi.

Mimi na mkewe tukampeleka kwa daktari wa zahanati moja. Damu ikatolewa mara mbili, mara tatu. Daktari akasema sida hana, ni ini, limevimba muda mrefu, mwili wake mwenyewe unapigana nalo. Akampa vidonge vyeupe vidogo, vidogo kama punje za mtama. Jina lake refu, mimi nalisema predinizoloni na hata hivyo ulimi unanikwama. Wenyewe wanaziita dawa za ukoo wa kotizoni. Akaniita mimi mkubwa pembeni, akasema dawa hii ina heshima yake: anywe asubuhi akishakula, asiongeze, na kuacha ghafla ni mwiko. Nikazitia kwenye kopo la majani ya chai, nikalikalia mimi. Kila asubuhi mdogo wangu alikuja kwangu, anafungua kiganja, nampimia. Mtu wa miaka arobaini na kitu, anasimama mlangoni na kiganja wazi. Tulikuwa tunacheka.

Na dawa ikafanya kazi, nisiikufuru. Macho yakawa meupe. Kuna vipimo vya damu wanaviita transaminazi. Mimi nilivyoelewa, namba zikipanda ini linalia, zikishuka limenyamaza. Zake zikashuka. Akaanza kula. Alikula ugali wake, akala wa mkewe, akaja kwangu akauliza kama kuna uliobaki. Halafu uso ukajaa. Mashavu yakatoka pande zote mbili, ya mviringo, laini, ukimwangalia unadhani amerudi kwenye maziwa ya mama. Wakati ambapo mji mzima unakonda kwa vita na kwa ambargo, nchi za jirani zimetufungia mipaka, sukari hakuna, yeye peke yake ananenepa!

"Tarishi!" walimpigia kelele pale kwenye chai. "Umeoa bibi wa pili?"

"Bibi ni ule ule. Ni mapishi yamebadilika."

"Tuletee hayo mapishi, na sisi tufe tumeshiba."

Mama wa chai naye akasogea, akamtazama uso, shavu la kulia, shavu la kushoto, kama anachagua nyanya. "Eh, baba. Kumbe ilikuwa mawazo tu." Akachukua kile kikombe, akakata uzi kwa meno yake, akautema chini, akakiosha na vingine. Mdogo wangu aliutazama uzi pale kwenye vumbi. Chai ile aliinywa taratibu sana, na akaomba ya pili.

Baadaye wanawake wa mtaa wakaja kuniomba. Walikuwa wamekwisha kuzipa jina, vidonge vya mashavu. "Muzee, nipe viwili tu, bwana yangu anasema nimekuwa fimbo." Niliwafukuza. Lakini najua wapo waliozipata kwengine, maana kule Gatumba zilikuwa zinavuka mpaka kwa magendo kutoka Kongo pamoja na vitenge na sabuni, zinauzwa kwenye sinia, hazina hata karatasi. Mdogo wangu alicheka sana aliposikia. Alinunua kioo kidogo cha kunyolea. Alirudi kwa kinyozi.

Yule daktari wa zahanati akaondoka nchini, kama wengi walivyoondoka, bila kuaga. Ndipo tukapelekwa hospitali kubwa, kwa daktari mwingine, mwanamke, si mkubwa kwa umri, lakini anaangalia mtu kama fundi saa anavyoangalia saa. Alimtazama mdogo wangu mashavu na hakufurahi. Akambonyeza miguu, kidole kikaacha shimo. Akaagiza kipimo kingine cha damu, ambacho tulikingoja majuma mengi. Majibu yalipokuja alimtuma mdogo wangu nje akapimwe uzito, akabaki na mimi.

"Muzee," akasema, "kuna homa ya ini ambayo mwili wenyewe unapiga ini. Hiyo, kotizoni inaifaa. Ya ndugu yako si hiyo. Yake inaletwa na kirusi, anacho labda tangu utoto."

"Lakini amenenepa, dokta."

"Hajanenepa. Amevimba. Mashavu ni ya dawa."

"Na namba? Namba zilishuka."

Akafikiri kidogo atanielezaje. Akaniuliza naishi wapi. Nikamwambia Buyenzi. "Usiku risasi zikinyamaza huko Kamenge, munasema kuna amani?"

"Apana. Tunasema wanajipanga."

"Basi. Dawa hii imelaza askari wa mwili. Hakuna risasi, namba zimeshuka, lakini kirusi kinazaana kimya kimya. Na mukiacha kwa mara moja, askari wote wanaamka pamoja, wanafyatua ndani ya nyumba. Ini ndiyo nyumba." Akaandika kwenye karatasi: kupunguza kidonge kimoja, kungoja siku kumi na tano, kupima damu, kupunguza kingine. Nikamuuliza baada ya hapo atampa dawa gani. Hakunidanganya. Alisema iliyo nzuri haipo hapa kwa sasa. Tukipunguza vizuri, ini lililobaki linaweza kumbeba miaka kadhaa. Tukikosea, miezi.

Mdogo wangu aliporudi daktari akamlaza, akambonyeza chini ya mbavu. Mimi sijui kwa nini nilisema nilivyosema. Nilisema, "Dokta, mimi ni mutu wa maini." Akanitazama, akaelewa, akaushika mkono wangu akauweka pale.

Nimeshika maini tangu ujana wangu. Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo. Ini zima linatii kidole. Lile chini ya mkono wangu, chini ya ngozi ya mdogo wangu, lilikuwa na ukingo mgumu, na vinundu. Nililijua. Nililijua kabla ya daktari kutoa mkono wake.

"Unasemaje, kaka?" mdogo wangu akauliza, amelala pale, mashavu yake yanang'aa.

Na mimi nikasema, "Liko muzuri. Umepona. Ndiyo maana wanataka kupunguza dawa."

Daktari alinitazama. Hakunisuta, labda alidhani nitamweleza mdogo wangu tukifika nyumbani. Sikumweleza. Kila siku nilisema kesho. Mtu amerudishiwa kikombe chake, utamwambiaje?

Tukaanza kupunguza. Kidonge kimoja, siku kumi na tano. Kingine. Mwili ukaanza kumuuma, viungo, mgongo, na mashavu yakaanza kushuka. Si mara moja, kama ndoo yenye tundu dogo. Alikuwa anakitazama kioo chake kila asubuhi kabla ya kuja mlangoni kwangu.

"Kaka, niongezee kimoja."

"Daktari amekataza."

"Si nimepona?"

"Umepona."

"Basi kama nimepona, kimoja kitanidhuru nini?"

Niambieni basi ningejibu nini. Uongo wangu mwenyewe ulisimama mbele yangu na kiganja wazi. Nikampa. Asubuhi nne nilimpa kimoja cha zaidi, siku ya tano nikaacha kwa hofu, na damu ilipopimwa namba zilikuwa zimepanda. Daktari akaniuliza kopo linakaa kwa nani. Nikasema kwangu. Akasema polepole, "Muzee, chakula cha mugonjwa si huruma." Maneno yale yalinikata maini. Nikaapa moyoni sitaongeza tena hata akilia.

Hakulia. Alikonda tu. Macho yakaanza tena rangi ile. Tukaenda kwenye chai asubuhi moja, mimi na yeye, kama kawaida, amevaa shati lake la kazi. Palikuwa na watu wanne watano kwenye benchi, wasukuma mikokoteni, na jirani yetu fundi viatu ambaye mdomo wake haukujua kufungwa.

"Tarishi," fundi viatu akasema, "mashavu umerudisha kwa mwenyewe?"

Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka kidogo. Mama wa chai hakucheka. Alimtazama, shavu la kulia, shavu la kushoto, akainama chini ya meza yake, akakaa huko muda. Alipoinuka akamwekea chai. Kwenye mkono wa kikombe palikuwa na uzi mwekundu. Mpya. Alikuwa ameshauweka tayari, sijui tangu lini.

Mdogo wangu aliweka kidole gumba juu yake.

Damu ikanipanda kichwani. Nilisimama, benchi likaanguka. "We mama!" nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka ng'ambo ya barabara. "Toa uzi wako! Huyu mutu hana sida! Ni ini! Nimelishika mi mwenyewe kwa mukono huu, limekuwa jiwe, kama la fahali wa Mwarabu!"

Nilidhani ninamtetea. Nilikuwa nimeshasema mpaka mwisho ndipo masikio yangu yakasikia.

Hakuna aliyecheka tena. Fundi viatu akatazama viatu vyake. Mama wa chai akashika kikombe kingine, kisafi, hakujua akipeleke wapi. Mdogo wangu ndiye peke yake aliyekuwa bado amekaa, ananiangalia kutoka chini, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka njia.

"Lile nililozika mutoni?" akauliza.

Nilitaka kusema daktari anasema miaka kadhaa, nilitaka kusema ini lako si la mnyama, nilitaka kusema nisamehe. Yote yalikuwa mdomoni, yamebanana mlangoni kama watu wanaokimbia, hata moja halikutoka.

Akainywa chai yake yote, kwenye kikombe kile kile cha uzi. Akakiweka taratibu. Akajifuta mdomo, akafunga kifungo cha juu cha shati, akamwambia mama wa chai ahsante. Kisha akaniambia, "Naenda nakuja."

Ofisi yake ilikuwa juu, upande wa mjini. Yeye akashika upande wa chini, njia ya kwenda Gatumba. Nikasema moyoni, anakwenda kutafuta vidonge vyake kwenye yale masinia, atafika kwenye kizuizi cha askari atarudishwa, maana barabara ile wakati huo watu walikuwa hawaipiti bila msafara wa askari, kwa kuogopa kuviziwa. Nikasema akirudi nitamweleza vizuri. Sikumkimbilia. Yeye mwenyewe alinifundisha, anayekimbia ndiye wanamfuata.

Nilimtazama mgongo. Kwa nyuma huwezi kuona mashavu ya mtu. Alikuwa anatembea vile vile, bega moja limeinuka kidogo, kama bado lina kamba juu yake, hageuki. Mama wa chai akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama akioshe kile kikombe au akiache.

"Kiache," nikamwambia. "Amesema anakuja."

Mpaka leo hajarudi.